Mayai ya Mama Mkwe

Mama Kulwa alizikwa Jumanne, mimi nikafika Kharumwa Ijumaa, na kama kuna aliyeninung'unikia alikuwa na haki. Kule kwangu Ushirombo nilikuwa na mayai yaliyoanza kupasuka chini ya kuku wanne, na sikuwa na mtu wa kumwachia. Sababu hiyo sikumwambia yeyote pale msibani. Mtu pekee ambaye angeielewa, na ambaye angenigombeza kama ningeyaacha, alikuwa amelala chini ya udongo mbichi pembeni mwa shamba la mihogo. Nikawaamkia wazee waliokaa kwenye mikeka, nikatoa rambirambi, nikalia kidogo kama inavyotakiwa, halafu nikamwomba binti yake, Doto, maji ya kunawa. Ilikuwa njia tu ya kufika nyuma ya nyumba. Huko, karibu na lundo la pumba, kuku kama kumi na tano walikuwa wakiparura, na karibu nusu yao walikuwa na shingo tupu, nyekundu, isiyo na unyoya hata mmoja. Doto alipokuja na maji akanikuta nimesimama pale nalia tena, safari hii bila kujizuia. "Ni wa ukoo ule ule, Dada Kabula," akasema. "Mama hakuwahi kuleta mwingine."

Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kufuga, hutegemea nitaje chuo au bwana mifugo fulani. Nikisema nilijifunza Nyarugusu, machimboni, wanadhani nawatania. Nilikwenda kule nikiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kufeli kidato cha nne kufeli kwa wazi, bila hata somo moja la kujitetea nalo, na Mama Kulwa alinipokea kwa sababu alihitaji mikono. Alikuwa na mgahawa wa mabati karibu na maduara, yale mashimo ya wachimbaji, mahali ambapo vumbi la mawe yaliyosagwa lilitua juu ya kila kitu hadi kwenye mfuniko wa sufuria ya chai. Chumba changu kiligawana ukuta na mgahawa, bati moja tu, kwa hiyo nilisikia kila kilichosemwa mezani kuanzia chai ya asubuhi: nani kapata, nani kaporomokewa na udongo akatoka mzima, nani kamwacha mke. Nilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la nguo, na kuku. Kuku walilala chini ya kitanda changu kwenye matenga kwa sababu nje kulikuwa na vicheche wa miguu minne na wengine wa miguu miwili. Asubuhi tulikunywa chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na makombo ya michembe yaliyodondoka ndiyo yaliyonizoesha na kuku watatu wazee wa mgahawa, kabla sijajua kwamba wangeamua maisha yangu.

Nilifika mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku, ukiwa umepita wiki chache tu. Mama Kulwa alikuwa amepoteza karibu kundi zima, na haikuwa mara ya kwanza. Kila mwaka kiangazi kikielekea kuisha, wachuuzi wa baiskeli walileta kuku wa kitoweo kutoka vijijini, na pamoja na kuku wakaleta ugonjwa. Kuku anaanza kuzubaa, anaharisha kijani, shingo inajipinda kuelekea nyuma, kesho yake unamtupa shimoni. Waliobaki kila mara, ukiacha vijana wachache, ni wale watatu. Mmoja alikuwa mweusi, wa pili alichechemea kwa sababu aliwahi kukanyagwa na toroli, na wa tatu alikuwa wa kishingo, shingo tupu, mkubwa kuliko wote, ambaye wateja walimwita Mama Mkwe kwa kuwa hakuna kilichompendeza. Ukimwekea pumba ananuna, ukimwekea mtama anakutazama kwanza. Mama Kulwa alikadiria ana miaka saba, labda minane. Na yeye, kama kila mtu pale, alikuwa amepanga kuwachinja wote watatu Krismasi, kisha anunue matetea wachanga aanze upya. Ndivyo watu walivyofuga: kijana wa kutaga, mzee wa sufuria. Mayai ya kuangulisha walichukua kwa matetea wachanga kwa sababu hutaga mengi, na kuku mzee akitaga kumi na mawili kisha akapumzika miezi, walimwona mvivu.

Mimi nilikuwa nimekaa pale mwezi mzima nikiwatazama kwa sababu hakuna aliyenituma kufikiri, na mtu ambaye hajatumwa kufikiri huona mengi. Niligundua kwamba kati ya vijana wachache walionusurika mdondo ule, karibu wote walikuwa na shingo tupu. Walikuwa watoto wa Mama Mkwe. Wengine wote, wa shingo za manyoya, watoto wa matetea walionunuliwa, walikuwa shimoni. Nikamwambia Mama Kulwa tukiwa tunachambua mchele. Nikamwambia tusiwachinje wazee, tuzalishe kwa mayai yao tu, hata kama ni machache, na mayai ya matetea tuwauzie wateja wakaange. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Unataka kuniletea watoto wa mabibi vizee," akasema. Nikarudia tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akachoka kucheka. Mwisho akaniambia, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, kwamba ananipa mpaka mdondo ujao. Wakifa tena, hafugi tena maishani, wazee na vijana wataingia sufuriani, na mimi nitarudi kwetu kwa sababu hatakuwa na kazi ya kunipa. Nikasema sawa. Kurudi kwetu nikiwa nimeshindwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja ni jambo ambalo sikutaka hata kulifikiria, na ndiyo maana nilisema sawa haraka.

Nilianza vibaya. Nilifikiri kama uzee ndio dawa, basi uzee uwe pande zote mbili, nikatafuta jogoo mzee kuliko wote pale mtaani, dume jekundu lenye kucha za kisigino zilizojipinda kama ndoana. Niliomba niazimwe, nikapewa kwa furaha. Kila siku nilichukua mayai ya wale watatu nikiacha moja kwenye kiota ili kuku asisusie, nikayatia alama ya mkaa, mstari mmoja kwa mweusi, miwili kwa mchechemeaji, mitatu kwa Mama Mkwe, nikayahifadhi kwenye kikapu cha pumba mahali pa baridi. Yalipotosha nikayaweka chini ya matetea wawili wachanga waliokuwa wanataka kuatamia, ili wazee wenyewe wasipoteze nguvu kwa kulalia. Nilijiona mtaalamu. Siku ya ishirini na moja hakuna kilicholia. Siku ya ishirini na nne nilivunja moja na harufu iliyotoka ilimfanya mteja mmoja aache ugali wake mezani. Yote yalikuwa viza. Nilisikia kupitia bati wakinicheka, na Mama Kulwa naye akicheka nao, na nilikaa juu ya kitanda nikiwa na hasira ambazo hazikuwa na mtu wa kumwangukia isipokuwa mimi.

Aliyenisaidia ni Mzee Shabani, ambaye alikuwa mchinjaji wa mgahawa. Mama Kulwa alikuwa Mkatoliki lakini alitaka kila mteja ale bila wasiwasi, kwa hiyo kila kuku alipitia mikononi mwa Mzee Shabani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamtazama jogoo wangu kwa muda mrefu. "Binti, huyu hata kupanda hawezi," akasema. "Kucha zake zinamchoma jike, jike anakimbia. Na akipanda, hana kitu." Akanieleza kwamba kuku jike akizeeka yai lake linaweza kuwa zuri bado, hata kubwa zaidi, lakini lataka jogoo kijana. Na jogoo huyo kijana asitoke popote tu, atoke kwa mama mzee mwingine, wa boma lingine, ambaye naye kaona mdondo ukija na kupita. Alikuwa na jike wake wa miaka sita ambaye hakumchinja kwa sababu marehemu mkewe ndiye aliyemlea. Juma lililofuata akaniletea mtoto wa jike huyo, jogoo wa miezi minane, mwembamba, mwenye kelele nyingi kuliko umbo lake. Hakutaka chochote. Alisema anataka kuona tu.

Mwezi wa nne, Mama Mkwe alitaga mayai kumi na manne. Niliyaweka yote chini ya tetea mmoja mwenye subira, na siku ya tisa nikafunga mlango wa chumba adhuhuri, nikaziba dirisha kwa kanga, nikaweka tochi chini ya kila yai. Kumi na mawili yalikuwa na mishipa, myembamba, myekundu, na katikati yake kitu kidogo kilichotetemeka. Nilikaa chini. Sikuwahi kuona kitu changu kikifanikiwa kabla ya siku ile, na sikujua mtu anafanya nini na furaha ya namna hiyo, kwa hiyo niliyarudisha mayai moja moja, nikaenda kukatakata nyanya.

Siku hiyohiyo, mchana, mchimbaji mmoja aitwaye Masanja aling'ata kitu kigumu ndani ya firigisi. Aliagiza firigisi kila alipokuwa na cha kulipia, maana firigisi ni heshima, na Masanja alipenda heshima. Nilikuwa upande wa pili wa bati. Nikasikia sauti yake ikisema taratibu, "Jamani, hii siyo mchanga." Kilikuwa chembe ya njano, nusu ya punje ya uwele. Ninyi ambao hamjaishi machimboni mtacheka, lakini fikirieni: kuku humeza changarawe ili zisage chakula, na changarawe za pale zilikuwa marudio, ule mchanga ambao watu wameuosha na kuumwaga na bado wanaamini una mabaki. Kuku aliparura mchana kutwa juu ya marudio. Kwa hiyo kuku mchanga ameparura miezi, kuku mzee ameparura miaka. Hesabu hiyo ilimalizika kabla chai haijapoa. Kufikia jioni kila mtu aliyekuwa na kuku mzee alikuwa anatafuta kisu, na ndani ya juma moja nadhani hapakubaki tetea aliyevuka miaka miwili upande wetu wote wa machimbo. Wapo waliodai kupata. Sikumwona hata mmoja aliyenionyesha.

Walibaki wa kwetu. Masanja alikuja asubuhi na wenzake watano, wote wateja wa kila siku, wakakaa bila kuagiza. Nilisikia kila neno. Walimtaka Mama Mkwe. Walikuwa tayari kumlipa Mama Kulwa bei ya mbuzi, na kama hataki, basi chai ipo pia kwa jirani. Hilo la mwisho Masanja alilisema kwa upole, na ndilo lililokuwa na uzito, kwa sababu mgahawa ule ulikuwa unasomesha mapacha wake wawili, Kulwa na Doto. Mama Kulwa akaja chumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda cha kamba, akanitazama nikiwa nimempakata yule kuku. Sikumpa nafasi ya kuanza. Nikamwambia alinipa mpaka mdondo, na mdondo haujaja. Akasema anajua. Akasema pia kwamba akiwafukuza wale watu leo, kesho tutakula nini. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii.

"Kuku wako watatu. Chagua mmoja. Wewe, siyo mimi."

Njia rahisi ilikuwa wazi: kumtoa mchechemeaji, kuku kilema, nani angemlilia. Nilimshika mchechemeaji kabisa, nikafika naye mlangoni. Hapo ndipo akili ilipofunguka, na sikupenda nilichokiona. Tukimchinja huyu na wasipate kitu, watasema dhahabu iko kwa mweusi. Tukimchinja mweusi, watasema iko kwa Mama Mkwe, kwa sababu yeye ndiye mzee kuliko wote, na tutakuwa tumewamaliza watatu kwa kutaka kumwokoa mmoja. Kitu pekee ambacho kingewanyamazisha ni firigisi ya yule waliyemtaka. Na Mama Mkwe alikuwa tayari ameniachia mayai kumi na mawili yenye uhai chini ya tetea. Wale wawili hawakuwa wameniachia kitu bado. Nikamrudisha mchechemeaji, nikamchukua Mama Mkwe chini ya kwapa, nikatoka naye. Nikamwambia Masanja kwamba atakipata anachokitaka kwa sharti moja, firigisi ipasuliwe hapahapa mbele ya kila mtu, na nitaipasua mimi. Akasema hana neno.

Mzee Shabani alimchinja. Alisoma dua yake polepole kuliko kawaida, au mimi ndiye niliyeisikia polepole. Niliosha firigisi kwenye beseni la bati, nikaipasua kwa kisu cha vitunguu, nikaifungua kwenye kiganja huku vichwa sita vikinizunguka. Changarawe nyeupe. Kipande cha chupa ya buluu kilicholainika kingo. Mbegu za mtama. Na kifungo cha shati, cheupe, chenye matundu manne. Nilimwaga vyote kwenye sahani, nikamwaga maji, nikazungusha kama wanavyozungusha wao karai wakitafuta dhahabu, mara tatu, ili pasiwe na wa kusema sikuosha vizuri. Hakuna. Mtu mmoja akamtazama Masanja kifuani, akanyoosha kidole. Shati lake lilikosa kifungo cha tatu, na vilivyobaki vilikuwa vyeupe, vya matundu manne. Walicheka wakaegemeana. Masanja mwenyewe akacheka mwisho, akachukua kifungo chake, akakiosha, akakitia mfukoni, akaagiza chai. Habari hiyo ilizunguka machimbo haraka kuliko ile ya dhahabu, na hakuna aliyerudi kuuliza kuku wetu tena.

Nyama yake ilichemka tangu asubuhi hadi alasiri na bado ilikuwa ngumu. Mimi nilisema sili. Mama Kulwa hakubishana nami. Alipakua ugali, mchuzi, akaiweka ile firigisi juu ya sahani yangu. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba au ya mgeni mkubwa, mwanaume. Sikuwahi hata kuionja. Nikamtazama. "Aliyeamua ndiye anayekula," akasema, akaendelea na ugali wake. Nikaila. Nililia nikiila, sioni haya kusema, na nilikuwa nimeshaamua kabla ya kumeza kwamba yale mayai yataanguliwa na watoto wale wataishi, hata kama itabidi nilale nao kitanda kimoja.

Yalianguliwa kumi na moja, saba wakiwa shingo tupu. Mweusi na mchechemeaji, kwa jogoo yuleyule wa Mzee Shabani, wakanipa wengine kabla kiangazi hakijakaza. Mdondo ulikuja kama ulivyozoea, na baiskeli za wachuuzi. Ulisomba machimbo yote. Kwa jirani yetu walikufa wote ndani ya siku nne, na alisimama uani akiwa ameshika fagio bila kufagia. Kwetu nilipoteza pia, sitadanganya. Kila asubuhi nilitazama chini ya kitanda nikiwa nimeziba mdomo, na zipo asubuhi nilizotoa wawili, watatu. Lakini zaidi ya nusu walisimama. Walizubaa, wakapona, wakaanza kuparura. Nilipomwambia Mama Kulwa kwamba juma zima limepita bila kifo, alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Aliniuliza tu kama nimeshaagiza pumba za mwezi ujao, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sirudi kwetu. Wanawake wakaanza kuja kuomba mayai. Niliwaambia wote neno moja, watunze wazee wao, na wote wakanijibu kitu kimoja, kwamba hawana tena, waliwachinja mwezi wa tano.

Leo natumia chanjo, yale matone ya macho, na ninamwambia kila anayekuja kununua vifaranga kwangu kwamba achanje. Ukoo mzuri hauzuii ugonjwa kuja. Lakini bado sizalishi kwa kuku ambaye hajavuka miaka mitatu, na vijana wenye kozi huniona mshamba. Tetea mwenye mwaka mmoja amekuonyesha kwamba anataga. Huyo wa miaka sita amekuonyesha mvua zote alizonyeshewa. Wakinibishia nawaacha, nilishabishiwa na watu wenye njaa kuliko wao.

Jumapili, matanga yalipoanuliwa na watu wakaondoka, Doto alinipakulia chakula peke yangu ndani ya chumba cha mama yake. Kitanda kilikuwa kimeshakunjwa godoro. Alikuwa amechinja jogoo mchanga, na juu ya ugali akaweka firigisi, akasema mama yake alimwagiza hivyo tangu alipoanza kuumwa. Nikaikata katikati, nikampa nusu. Tuliila polepole, wote wawili, na nadhani naye ulimi wake ulikuwa unapapasa kama kuna kitu kigumu, maana alisimuliwa mara nyingi. Halafu akanitoa nyuma ya nyumba. "Kuna neno jingine aliacha," akasema. "Alisema Dada Kabula akija, achague mmoja."

Sikuhitaji muda mrefu. Alikuwa kando ya wenzake, shingo tupu imekunjamana, mguu mmoja umevimba, akizitazama pumba walizomwagiwa kama mtu aliyeletewa chakula cha jana. Nikamnyooshea kidole. Doto akasita, kwa sababu ni binti aliyelelewa vizuri na hakutaka mgeni aondoke na kitu kibovu.

"Huyo kazeeka sana, Dada. Mwaka huu katugea mayai tisa tu."

"Nifungie huyo huyo," nikamwambia. "Jogoo kijana ninaye."